Kufufua cherehani kuukuu ya kichwa cheusi

Cherehani nyingi za zamani zinazosemwa zimekufa hazijavunjika mahali popote. Zimeganda tu. Mafuta yaliyotiwa miaka mingi iliyopita yamekaukia ndani ya vitundu yakawa gundi ya kahawia, vumbi la nguo likanasa humo, na mtu wa mwisho aliyejaribu kulizungusha gurudumu alipoona limegoma akaifunika kitambaa na kuisukumia stoo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ninayoieleza hapa ni kuosha na kusubiri. Bisibisi hutumika kidogo kuliko unavyodhani, na nyundo haitumiki kabisa.

Nitashika aina moja: kichwa cheusi cha chuma cha Singer 15K na jamaa zake, hasa Butterfly ya Shanghai. Ndizo zilizojaa kwenye vibaraza vya mafundi wetu wa nguo, mjini na vijijini, na ndizo zenye vipuri. Muundo wa Singer 15 ulinakiliwa na viwanda vingi vya Japani, Uchina na India, kiasi kwamba bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), kasha lake na hata sindano za Butterfly huingia kwenye Singer iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Hata hivyo, ukienda duka la vipuri usitaje jina tu. Beba kipuri chako kizee mkononi ukilinganishe palepale kaunta.

Ijue uliyonayo

Namba ya Singer imegongwa kwenye kitako, upande wa kulia. Ikiwa ni tarakimu tupu bila herufi, mashine hiyo ni ya kabla ya 1900. Baada ya hapo ilitangulizwa herufi moja, na kuanzia miaka ya 1930 zikawa mbili. Ile K ya 15K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekwisha, lakini kituo cha treni cha mtaa ule bado kinaitwa Singer.

Umri peke yake hauongezi thamani. Mashine hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Mwaka 2009 kulizuka uvumi Saudi Arabia kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani yake, kitu kinachodaiwa kuwa cha thamani kubwa. Watu wakawa wanasogeza simu za mkononi karibu na sindano kupima kama laini itakatika, na bei zikapaa bila kiasi. Ndani ya Singer kuna chuma, mafuta na vumbi la pamba. Mtu akikutajia zebaki, ondoka.

Kwa macho utaitambua aina ya 15 hivi: visahani vya tensheni, yaani vinavyoubana uzi wa juu, viko kwenye kifuniko cha upande wa kushoto kabisa, juu ya sindano, wala si mbele ya kichwa. Bobini ni ya mviringo, inasimama wima chini ya sindano, na unaiingiza kutoka kushoto ikiwa ndani ya kasha lake. Ukifungua kibati cha chini ya sindano ukakuta shato (chuma chenye pua kinachoukamata uzi wa sindano) ndefu iliyochongoka inayokwenda mbele na nyuma, hiyo ni 27, 127 au 128. Nayo ni mashine nzuri inayotumia sindano zile zile, ila bobini yake nyembamba ndefu utaisaka. Ile yenye kitako kilichobanwa kiuno, Singer 12, inataka sindano za aina yake ambazo hazipatikani kirahisi. Kama hujainunua bado, iache. Kama umerithi, itunze kama pambo.

Kabla ya kulipa hela, kagua mambo matatu. Kwanza, chuma cha kichwa kisiwe na ufa, maana chuma hiki cha kumimina hakiungwi vizuri. Pili, shato na kasha la bobini viwepo. Tatu, skrubu ziwe na vichwa vizima. Skrubu za Singer zina nyuzi za kukazia za aina yake, na utakayoipoteza hutaipata duka la vifaa vya ujenzi hata ukipekua kopo zima. Gurudumu lililogoma, kutu ya juu juu, meza iliyobanduka, mkanda uliokatika: vyote hivyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si sababu ya kuondoka.

Vifaa

Bisibisi bapa tatu za ukubwa tofauti. Hapa usifanye ubahili, kwa sababu ncha inatakiwa ijaze mfereji wa skrubu kwa urefu na kwa unene. Ikicheza kidogo tu, itakula kichwa cha skrubu. Mafuta ya taa, nusu lita inatosha. Mafuta ya cherehani yaliyo meupe, yasiyo na rangi wala harufu kali. Mswaki wa zamani, njiti za meno, vitambaa vya pamba, bomba la sindano la hospitali kwa ajili ya kudondoshea mafuta, kibano, sumaku ndogo na sahani ya kuwekea skrubu. Simu yako itapiga picha kabla hujafungua kitu chochote. Piga nyingi, kutoka kila upande, hasa njia ya uzi na namna springi zilivyokaa.

Mafuta ya kula, ya nazi, ya nywele na oili ya gari, weka mbali. Hayo ndiyo yaliyoigandisha. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani hukauka na kushika, na oili ya injini ni nzito mno kwa vitundu hivi. Hata dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu, ambayo mafundi wengi wanaipenda, ni ya kulegezea tu. Ukimaliza kulegeza lazima utie mafuta yenyewe, la sivyo chuma kitabaki kikavu.

Kulegeza kilichoganda

Toa sindano kwanza, kisha kasha la bobini. Inua kiguu cha kubania kitambaa. Sasa jaribu gurudumu kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma. Likiwa na mchezo kidogo halafu likagonga mahali, mara nyingi tatizo ni uzi: vipande vya uzi huingia kati ya shato na nyumba yake na kujisokota humo miaka na miaka. Toa shato (baadhi zina vishikizo viwili vya kufungua kwa kidole, nyingine zina skrubu), chomoa nyuzi kwa kibano, futa, jaribu tena. Nusu ya mashine “zilizoganda” huamka hapo hapo.

Ikiwa gurudumu halisogei hata kidogo, legeza kile kifundo kikubwa cha katikati ya gurudumu, kile kinacholegezwa wakati wa kujaza bobini. Gurudumu likizunguka peke yake baada ya kulegeza, basi kilichoganda kiko ndani ya kichwa. Lisipozunguka hata hapo, limeshikamana na shafti yake, na ni lazima ulilegeze lenyewe kwanza.

Kinachofuata ni joto. Iweke mashine juani, saa sita hadi saa tisa alasiri, mabati yake yote ya chini yakiwa wazi. Mahali pa baridi tumia drayer ya nywele. Joto hulainisha gundi kuliko dawa yoyote ya dukani. Ikishapoa, tia mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali ambapo chuma kinasuguana na chuma: juu ya mkono wa mashine, nyuma yake, ndani ya kifuniko cha kushoto na chini ya kitako ukiilaza kichwa nyuma. Usichanganye mafuta ya taa na drayer, wala moto wa aina yoyote. Joto kwanza, mafuta ya taa baadaye, na dirisha liwe wazi.

Acha usiku kucha. Asubuhi jaribu gurudumu. Likisogea hata milimita moja, umeshinda. Rudisha nyuma, peleka mbele, tia tena, acha tena. Mashine iliyokaa sana huchukua siku kadhaa. Mtu anayeng'ang'ania gurudumu kwa koleo siku ya kwanza huvunja kitu ambacho kingejilegeza siku ya tatu, na hapo ndipo cherehani iliyokuwa nzima inakuwa mbovu kweli.

Sehemu zinazoganda zaidi ni fimbo ya sindano, fimbo ya kiguu, na viungo vya chini vinavyosukuma meno yanayosogeza kitambaa. Pwani kuna jambo lingine: hewa ya chumvi. Mashine iliyokaa Zanzibar au Lamu karibu na dirisha itakuwa na kutu kwenye fimbo ya sindano hata kama mafuta hayajakauka. Sugua sehemu hiyo ya fimbo kwa kitambaa chenye mafuta na msasa laini sana uliochakaa, kisha ipandishe na kuishusha mara nyingi. Na usishangae ukikuta tundu la mafuta limezibwa udongo mgumu. Nyigu wa udongo hupenda mashimo hayo. Njiti ya meno inamaliza kazi.

Kusafisha ndani

Fungua kifuniko cha kushoto kwa uangalifu, kwa sababu kwenye aina ya 15 tensheni imefungwa juu yake. Nyuma ya tensheni kuna kipini chembamba kinachosukuma visahani vifunguke unapoinua kiguu. Kipini hicho huanguka bila kelele. Weka kitambaa cheupe chini kabla ya kufungua.

Ng'oa kibati cha sindano. Kati ya meno utakuta vumbi limeshindiliwa likawa gumu. Likiachwa, meno hayapandi vya kutosha, na fundi atakuambia meno yamekwisha ununue mapya. Chokoa kwa njiti ya meno hadi uone chuma. Kisha pitisha mswaki wenye mafuta ya taa kwenye viungo vyote vya chini, zungusha gurudumu, futa, rudia. Rangi ya kahawia itaendelea kutoka. Endelea mpaka kitambaa kitoke karibu safi.

Shato na nyumba yake hutaka macho yako kuliko sehemu nyingine zote. Pitisha ukucha kwenye pua ya shato. Ukikwaruza, hapo ndipo uzi unapokatikia. Lainisha mkwaruzo kwa msasa namba 1000 au zaidi, kidogo kidogo, bila kubadilisha umbo la pua. Fanya hivyo hivyo kwenye tundu la kibati cha sindano, ambalo huwa na alama za sindano zilizoligonga. Pua ikiwa imevunjika, nunua shato nyingine.

Vipande vidogo vilivyopakwa nikeli unaweza kuviloweka kwenye mafuta ya taa usiku mzima, kisha uving'arishe kwa Brasso. Fanya hivyo vikiwa vimeondolewa kwenye mashine, kwa sababu Brasso ikigusa maua ya dhahabu ya kichwa, maua yanakwenda nayo.

Rangi nyeusi na maua ya dhahabu

Hapa watu huharibu zaidi kuliko kutu ilivyoharibu. Maua yale ni dekali nyembamba zilizofunikwa vanishi. Spiriti huyeyusha vanishi hiyo. Sabuni kali na dawa za vioo huipausha. Kwa hiyo kichwa husafishwa kwa mafuta ya cherehani yenyewe: paka, acha kidogo, futa kwa pamba kwa mduara mwepesi, badilisha pamba kila inapochafuka. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya nguzo. Pamba ikitoka na rangi ya dhahabu, acha palepale.

Kupiga rangi ya kupulizia kichwa kizima ni jambo ambalo binafsi nalipinga. Rangi ile nyeusi ya kiwandani ilichomwa kwenye tanuri. Ya kopo hubanduka baada ya muda, na huwa imeshaziba vitundu vya mafuta na kufunika namba. Cherehani iliyochubuka ikashona vizuri ni bora kuliko inayong'aa ambayo hujui chini yake kuna nini. Unaponunua, kichwa kilichopakwa rangi mpya kikutie shaka.

Mafuta

Ukishamaliza kuosha, mafuta ya taa yawe yamekauka yote, maana hayo huosha ila hayalainishi. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Tone moja kweli. Usisahau shato: tone moja kwenye njia inakopita, na ukisahau hapo mashine itakuwa na kelele ya kugonga hata kama kwingine kote umelowesha.

15K ya mguu haina gia ndani, ina vikono na shafti zinazocheza, kwa hiyo haihitaji grisi. Singer 201K ina gia, na hiyo hutaka grisi laini kwenye meno ya gia. Zungusha dakika chache bila uzi, kiguu kikiwa juu. Usikimbize mashine kiguu kikiwa chini bila kitambaa, kwa sababu meno yatakula kiguu na kiguu kitakula meno. Wacha usiku, asubuhi futa yaliyochuruzika kabla hujaweka nguo ya mteja.

Gurudumu lisiloshika au lisiloachia

Tatizo hili huja baada ya usafi, na huwasumbua wengi. Ndani ya kile kifundo cha gurudumu kuna washa (kipete bapa cha chuma) yenye masikio matatu nje na mawili ndani. Ikirudishwa vibaya, ama ukikaza sindano haiendi, ama ukilegeza ili ujaze bobini sindano inaendelea kucheza. Fungua skrubu ndogo ya kifundo, toa kifundo, toa washa, igeuze nusu mzunguko, rudisha yale masikio ya ndani yakiwa yameinama kuelekea nje, kwako. Kaza, jaribu. Hakuna ufundi mwingine hapo.

Sindano kabla ya lawama

Mashine inaruka, inakata uzi, inakusanya nyuzi chini: badilisha sindano kabla hujagusa skrubu yoyote. Aina ya 15 inatumia sindano ya 15x1, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia HAx1 au 130/705H. Ina shina lenye upande mmoja bapa. Kwenye maduka yetu huuzwa pembeni yake sindano za DBx1, za mashine za kiwandani, zenye shina la mviringo. Huingia, hubanwa, hata hushona kidogo, halafu zinaruka mishono na mwenye mashine anaanza kuilaumu shato.

Upande bapa huangalia kule pua ya shato inakopita. Mfereji mrefu wa sindano huangalia kule uzi unakotokea. Kwenye 15K na Butterfly, bapa iwe kulia, na uzi uingie kutoka kushoto kwenda kulia. Sukuma sindano juu mpaka igote, ndipo ukaze. Namba 14 kwa vitambaa vya kawaida, 16 kwa kitenge kizito na khaki, 18 kwa jinzi. Namba 11 kwa vitambaa vyepesi.

Bobini nayo ijazwe sawasawa, isilegee wala kuvimba upande mmoja. Ikiwa kijazio hakizungushi bobini, kagua kile kiduara cha mpira kinachogusa gurudumu. Kikikauka hupasuka, na kipya ni bei ndogo. Ukiingiza bobini kwenye kasha, uzi uingie kwenye ufa kwa kurudi nyuma, yaani ukiuvuta, ubadilishe mwelekeo pale kwenye ufa badala ya kuendelea mbele moja kwa moja.

Tensheni

Anza chini, kisha nenda juu. Shika mwisho wa uzi wa bobini, kasha likining'inia. Lisianguke kwa uzito wake, lakini ukilitikisa kidogo lishuke hatua fupi na kusimama. Likianguka, kaza ile skrubu ndogo ya kasha kwa robo ya mzunguko, hata chini ya hapo. Lisiposhuka, legeza. Kwanza lakini pitisha karatasi nyembamba chini ya kile kibapa cha springi. Kijiuzi kimoja kilichonasa pale kinatosha kukudanganya.

Kisha visahani vya juu. Vifungue, vifute ndani, virudishe vikiwa vimepeana migongo, pande zilizopinda zikikutana. Inua kiguu, na uzi upite bure. Shusha kiguu, na uzi ushike. Usiposhika, kile kipini cha nyuma kimekwama au kimewekwa kingine kirefu. Ile springi nyembamba inayoupokea uzi pembeni ya visahani icheze kila mkono wa kuvutia uzi unaposhuka. Ikivunjika, mashine hutengeneza vitanzi vidogo chini ya kitambaa hata ukikaza visahani mpaka mwisho.

Tumia nyuzi za rangi mbili kujaribia, nyekundu juu na nyeupe chini. Nyekundu ikionekana chini, juu kumelegea. Nyeupe ikipanda juu, juu kumekazwa mno. Nyuzi zikijazana chini kwa fujo, sababu kubwa ni tatu: kiguu hakikushushwa, uzi haukuingia katikati ya visahani, au gurudumu linazungushwa upande usio wake. Juu ya gurudumu huja kwako, daima.

Inaruka hata kwa sindano mpya

Kwenye mashine hizi zisizo na gia, shato haihami kirahisi. Kinachohama ni fimbo ya sindano, hasa mashine ikigonga zipu au kifungo. Toa kibati cha sindano, weka sindano mpya, zungusha mpaka sindano ifike chini kabisa, halafu iinue kama milimita mbili. Hapo pua ya shato iwe imefika kwenye sindano, juu kidogo ya tundu lake, milimita moja na nusu hadi mbili. Ikipita chini ya tundu au sawa na tundu, fimbo imepanda mno. Ikipita juu sana, imeshuka.

Skrubu inayobana fimbo iko ndani ya kifuniko cha kushoto. Legeza kidogo tu, sogeza fimbo, kaza, zungusha kwa mkono, tazama tena. Baadhi ya fimbo zina mistari miwili iliyochorwa na kiwanda: sindano ikiwa chini kabisa, mstari wa juu uwe sawa na ukingo wa chini wa bushi ya fimbo (kibomba ambamo fimbo hupita); ukiinua, mstari wa chini utakapofika pale ndipo pua inapotakiwa kukutana na sindano. Mistari ikiwepo, ifuate yenyewe, uache kupima kwa macho.

Pedeli, mkanda na mota

Chini nako kunataka mafuta: fimbo inayounganisha pedeli na gurudumu kubwa, vyuma vyenye ncha vinavyoshika pedeli pande mbili, na ekseli ya gurudumu. Ikigonga, kaza vile vyuma vya ncha mpaka mchezo uishe bila pedeli kuwa nzito. Meza ya mbao ipekue kwa bisibisi kwenye pembe za chini. Mchwa huanzia huko, na meza inaweza kuonekana nzima huku ndani ni unga.

Mkanda ni wa ngozi, unene wa milimita tano hivi, urefu karibu sentimita 183. Nunua mrefu, uzungushe, ukate sawa, toboa kila mwisho na uunge kwa kile kiwaya. Ukaze tu kiasi cha kutokuteleza. Mkanda uliokazwa sana hufanya pedeli nzito, na mafundi wengi huishia kulaumu kichwa.

Kama yako ina mota, usiichomeke kabla ya kuangalia waya. Mpira wa waya za zamani hupasuka na kumomonyoka ukiukunja. Badilisha waya zote, na kazi hiyo mpe fundi umeme. Soma kibati cha mota pia. Mashine nyingi zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 110, na kwenye umeme wetu wa 230 au 240 mota itaungua ndani ya muda mfupi. Ukitaka kuirudisha kwenye mkono, kumbuka kwamba mkono wa kuzungushia unahitaji gurudumu lenye matundu, si lile la bati lililozibwa.

Majaribio

Anza na vipande vya pamba, kanga iliyokunjwa mara mbili, mishono mirefu, kwa kuzungusha kwa mkono. Kisha pedeli taratibu, kisha mwendo wa kazi. Ongeza safu moja moja hadi nne. Jinzi iwe ya mwisho.

Baada ya wiki ya kushona, fungua tena kifuniko cha kushoto na ulaze kichwa nyuma. Mafuta mapya yatakuwa yameng'oa gundi iliyojificha, na utaona michirizi ya kahawia mahali ulipodhani pamesafishwa. Futa, tia tone moja moja, shona wiki nyingine, angalia tena. Yakitoka meupe, hamia kwenye ratiba ya kawaida: fundi anayeshona siku nzima atie mafuta kila asubuhi, na anayeshona nyumbani mara mojamoja atie kila akimaliza nguo mbili tatu.